Neno Moja kwa Kila Ugonjwa

Fundi Msasa hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja wake. Kabla hajapaka vanishi kwenye ubao, aliusugua kwa msasa mara tatu, kisha akaupitishia kiganja huku amefumba macho. Kiganja kikikwama mahali, alianza upya. Mteja mwenye haraka alijibiwa hivi: "Haraka yako rudi nayo nyumbani. Kabati utaletewa likiwa kabati."

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya ua. Ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa cha kukata, kuranda na kuunga mbao. Humo mlikuwa na msumeno wa umeme wa mezani, meza ya kazi, na maranda yaliyofika kwenye vifundo vya miguu. Chumba cha nyuma kilikuwa cha vanishi. Kilikuwa na madirisha mawili yanayotazamana, pamoja na mlango mmoja, na wakati wa kazi vyote vilifungwa. Fundi aliziba hata mwanya wa chini ya mlango kwa gunia.

Sababu ilikuwa vumbi. Vanishi mbichi hunata. Vumbi likitua juu yake halitoki tena.

"Ukifungua dirisha," Fundi alisema, "kabati linaota ndevu."

Alifanya kazi na mwenzake mmoja, bwana aliyeitwa Mrefu, ingawa alimfikia Fundi begani tu. Walipokezana mashine ya kupulizia vanishi. Kila walipotoka chumba cha nyuma, kila mmoja alikunywa pakiti ya maziwa. Fundi mzee aliyewafundisha kazi alikuwa akisema kwamba maziwa huosha kifua na kuondoa sumu. Walikunywa kwa miaka kumi na minane. Hawakuwahi kuuliza maziwa yanatokaje tumboni kwenda kifuani.

Mwaka huo walipata kazi kubwa. Nyumba mpya ya wageni ilitaka makabati ishirini na vitanda ishirini, vyote vya rangi moja, vinavyong'aa kama kioo. Fundi, akimwachia Mrefu kukata mbao, alikaa chumba cha nyuma saa tano, saa sita kwa siku. Kabla ya hapo alikuwa akikaa saa moja.

Wiki ya tatu alianza kuumwa.

"Una nini, Baba Mapacha?" mkewe aliuliza mchana mmoja, alipomwona ameacha chakula.

"Homa."

"Homa gani?"

"Homa ni homa."

Katika nyumba hiyo jibu hilo halikuwa geni. Baba yake Fundi alilitumia, na babu yake pia. Tumbo lilikuwa homa. Mgongo ulikuwa homa. Siku jino lilipomuuma mpaka shavu likavimba, Fundi alisema ana homa ya jino. Aliona mwanamume anayeeleza maumivu yake kwa kirefu anajidekeza. Ukiumwa unasema homa, unajikaza kisabuni, unaendelea.

Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, akitazamana na karakana. Alimtuma mmoja wa mapacha wao duka la dawa.

"Baba ana homa," mtoto alisema pale dukani.

Muuza dawa hakuuliza neno lingine. Alitoa dawa za malaria. Fundi alizimeza kwa siku tatu. Siku ya nne ilikuwa Jumapili, hakwenda kazini, akajisikia vizuri.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Dawa imefanya kazi."

Jumanne homa ikarudi. Akanunua dawa zilezile. Baada ya wiki mbili akanunua tena.

Katikati ya mwezi wa pili wa kazi hiyo walikwenda kwa wakwe kwa siku nne. Huko Fundi alikula sahani mbili mbili. Alicheka. Alipasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba apasue. Waliporudi, siku ya pili ya kazi, alikuwa amekaa tena ukutani, ameshika kichwa.

"Homa yako inamwogopa mama," mkewe alimtania. "Nikuletee aishi hapa?"

"Afadhali homa," alisema Fundi.

Walicheka wote wawili. Lakini Mama Mapacha alipogeuka kwenda kwenye cherehani yake, kicheko kilikuwa kimekwisha usoni.

Alhamisi moja, saa sita mchana, Fundi alitoka chumba cha nyuma baada ya kupuliza vanishi kwenye makabati matatu. Hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumeno wa mezani kukata mguu wa kitanda. Alisukuma ubao mbele. Msumeno ulilia. Hapo chumba kikaanza kuzunguka taratibu. Aliona misumeno miwili, kisha minne, kisha duara jeupe tu. Mkono wake ukaendelea kusukuma.

Alisikia kitu kikichanika.

Mrefu alirukia swichi na kuizima. Msumeno ulipungua sauti, ukasimama. Mkono wa shati la Fundi ulikuwa umekatwa kuanzia kwenye kifungo mpaka karibu na kiwiko. Kitambaa kilining'inia. Ngozi haikuguswa.

Mrefu alikihesabu kila kidole cha mwenzake kwa sauti, kama mtu anayehesabu mbao. Alipofika kumi, akakaa chini kwenye maranda.

"Kumi," alisema. "Vyote vipo. Lakini leo hujakata mbao, ndugu yangu. Leo ulikuwa unajikata mwenyewe."

Mama Mapacha alikuwa amesikia msumeno ukizimwa ghafla. Alifika mlangoni na sindano bado iko kwenye kola yake. Aliutazama mkono wa shati. Hakulia wala hakupiga kelele.

"Vaa shati jingine," alisema. "Tunakwenda zahanati sasa hivi."

"Nina makabati tisa yanayo…"

"Vaa shati jingine, Baba Mapacha."

"Nenda, bwana," Mrefu akasema. "Shemeji hajawahi kunitisha mpaka leo."

Zahanati ilikuwa na benchi refu, mizani, na chumba kidogo cha kupokelea wagonjwa. Nesi aliyekuwa humo alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpima Fundi joto la mwili na presha. Alimtoboa kidole akapima malaria na sukari. Kisha akaketi.

"Joto lako liko sawa," alisema. "Malaria huna. Sukari iko sawa, presha iko juu kidogo. Sasa niambie, kaka, unaumwa nini?"

"Homa."

"Joto liko sawa."

"Basi kipimo chenu kibovu."

Nesi hakukasirika. Inaonekana alikuwa ameambiwa mabaya zaidi.

"Anaumwa kichwa," Mama Mapacha akaanza. "Na chakula hali, na juzi…"

"Samahani, dada. Nitakusikiliza na wewe. Kwanza nataka kumsikia yeye, kwa sababu kichwa ni chake." Akamgeukia Fundi. "Nisimulie tena. Safari hii neno homa usilitumie."

Fundi akafungua mdomo. Akaufunga. Alitazama ukuta. Alitazama mizani. Alijiona kama mtu aliyenyang'anywa nyundo kazini.

"Najisikia vibaya," alisema mwishowe.

"Wapi?"

"Mwili."

"Mwili ni mkubwa, kaka. Unafanya kazi gani?"

"Seremala."

"Vizuri. Mimi nina kabati nyumbani. Ni bovu. Nitengenezee."

Fundi alikunja uso. "Bovu vipi?"

"Bovu tu."

"Nesi, siwezi kutengeneza bovu tu. Mlango haufungi? Bawaba imelegea? Kitasa kimekufa? Au lina mchwa? Bawaba nakaza dakika mbili. Mchwa ni habari nyingine kabisa. Na ubovu ulianza lini? Wakati wa mvua? Mbao huvimba wakati wa mvua, huenda halina tatizo lolote, linataka kurandwa tu."

Alikuwa ameinama mbele, mikono ikichora kabati hewani. Nesi alimwacha amalize.

"Kumbe unajua kuuliza," alisema. "Basi jiulize wewe hivyo hivyo. Sehemu gani? Kunakuwaje? Kulianza lini? Nini kinazidisha, na nini kinapunguza? Mimi nami siwezi kutibu bovu tu."

Mama Mapacha aliangalia sakafu ili mumewe asione anatabasamu.

Fundi akaanza, polepole, kama anayekanyaga mbao asizoziamini.

"Kichwa," alisema. "Hapa mbele, juu ya macho. Kinagonga."

"Kinagonga au kinachoma?"

"Kinagonga. Kama mtu anapigilia misumari kutokea ndani."

"Sawa. Kingine?"

"Kizunguzungu."

"Cha namna gani? Wapo wanaosema kizunguzungu wakiwa na maana wakisimama wanaona giza. Wapo wanaoona nyumba inazunguka. Wengine wanajiona kama wamelewa."

"Kama nimelewa," Fundi alisema haraka. "Ndiyo. Kama nimelewa, na mimi sinywi. Miguu inakuwa ya mtu mwingine. Leo nimeona msumeno mmoja ukawa miwili."

Nesi aliandika. Kalamu yake haikuwa na haraka.

"Tumboni?"

"Mate yananijaa. Nikiona chakula moyo unachafuka."

"Hicho ni kichefuchefu. Unatapika?"

"Sitapiki. Natamani nitapike nipumzike."

"Hilo ni muhimu. Kichefuchefu bila kutapika. Vidole?"

Fundi alivitazama vidole vyake, vile kumi ambavyo Mrefu alikuwa amevihesabu. Alisita.

"Ncha zinakufa ganzi," alisema. "Siku hizi nikipitisha kiganja kwenye ubao, sisikii kama zamani. Nilidhani msasa umebadilika."

Mama Mapacha aliinua kichwa. Hilo hakuwahi kuambiwa.

"Mambo haya yanakuja saa ngapi?" Nesi aliuliza.

"Mchana. Asubuhi nakuwa mzima. Kadiri ninavyofanya kazi, yanazidi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili sina ho… sina chochote."

"Uliwahi kukaa siku kadhaa bila kuumwa?"

Mtu na mkewe wakatazamana.

"Kwa wakwe," wakasema pamoja.

"Siku nne," Mama Mapacha akaongeza. "Alipasua kuni za mwaka mzima. Tukasema ugonjwa umemwogopa mama yangu."

"Mama yako hana kosa," alisema Nesi. "Kaka, unapaka rangi? Vanishi?"

Fundi alimweleza chumba cha nyuma. Alieleza madirisha yaliyofungwa, gunia la mlangoni, saa sita kwa siku. Alieleza kwa fahari kidogo, maana hakuna karakana nyingine iliyotoa vanishi safi kama yake. Alieleza na maziwa.

Nesi aliweka kalamu chini.

"Vanishi na thina mnayoichanganyia vikikauka, mvuke wake unakwenda wapi?"

"Unaisha."

"Hauishi. Unajaa chumbani, na aliye chumbani ni wewe. Mvuke huo unaingia kwenye mapafu, unapita kwenye damu, unafika kwenye ubongo. Ndiyo maana unajiona umelewa. Kwa namna fulani umelewa kweli. Kichwa kinagonga, unapata kichefuchefu, miguu inalegea. Ukikaa nje ya chumba siku mbili tatu, unapata nafuu. Ukirudi, yanarudi. Ukiendelea miaka, ganzi ya vidole inaweza isitoke tena."

"Nafunga kitambaa puani."

"Kitambaa kinazuia unga wa mbao, tena kidogo tu. Mvuke unapita kama vile hakipo."

"Na maziwa?"

"Maziwa ni chakula kizuri. Kunywa ukitaka. Yanaingia tumboni. Mvuke uko kwenye mapafu na kwenye damu. Hayakutani."

Fundi alijaribu kupiga hesabu ya pakiti za miaka kumi na minane, akaiacha njiani.

"Na dawa za malaria nilizokula mara tatu?"

"Uliambiwa umeze bila kupimwa?"

"Tulisema homa."

"Basi muuza dawa alitibu neno. Hakukutibu wewe. Alipaswa kuuliza, na wewe ulipaswa kupimwa kwanza. Dawa usiyoihitaji haikusaidii kitu, na ugonjwa wako halisi unapata nafasi ya kukomaa."

Nesi akavuta kiti karibu.

"Bado swali moja. Ukienda kulala, unalala?"

"Nalala," alisema Fundi.

Mama Mapacha alikohoa.

"Silali sana," Fundi akasema.

"Kwa nini?"

"Moyo unakwenda mbio. Nimelala kitandani, sijabeba ubao, sijapanda ngazi, moyo unakimbia. Jasho linatoka."

"Unakuwa unawaza nini?"

"Mimi siogopi kitu."

"Sijauliza unaogopa nini. Nimeuliza unawaza nini."

Kwenye benchi la nje mgonjwa mmoja aliita jina la mtoto wake. Mlango wa chumba cha dawa ulifunguliwa, ukafungwa. Fundi alikuwa anasugua goti lake kwa kiganja, mbele na nyuma, kama anasugua ubao.

"Fundi aliyetufundisha kazi," alisema, "mwishoni mikono yake ilitetemeka. Hakuweza kushika patasi. Alisema ana homa. Alisema hivyo hivyo mpaka tukamzika. Sasa na mimi vidole vinakufa ganzi. Nawaza ni zamu yangu. Nawaza nani atamaliza makabati. Nawaza hawa mapacha wako darasa la nne tu."

Mama Mapacha alisogeza mkono wake mpaka ukagusana na wa mumewe.

"Asante," alisema Nesi. "Hayo nayo yana jina. Ni wasiwasi. Wasiwasi si woga wa kitoto. Unakaza kifua, unakimbiza moyo, unakata usingizi na hamu ya kula, hata presha unaweza kuipandisha. Ukiuficha ndani ya neno homa, utapewa dawa ya homa. Ukiutaja, tunaweza kuushughulikia."

"Kwa hiyo nina wasiwasi tu?" Sauti yake ilikuwa na uchungu kidogo.

"Hapana. Sikiliza vizuri. Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ganzi, hayo naona yanatoka kwenye mvuke. Moyo kukimbia kitandani, nadhani ni wasiwasi, ingawa mvuke nao unaweza kuusumbua moyo. Kwa hiyo hatubahatishi. Sasa hivi unaingia kwa tabibu, atakusikiliza moyo na kukupima vidole. Nitampa maneno yako kama ulivyoyasema."

Tabibu alimpima kwa nusu saa, huku Mama Mapacha akimsimulia habari ya msumeno na shati. Alimsikiliza moyo. Alimgonga magoti kwa kinyundo cha mpira. Alimfumba macho, akamgusa ncha za vidole kwa sindano na kwa pamba, akamuuliza ipi ni ipi. Mwisho alikubaliana na Nesi. Moyo ulikuwa salama. Ganzi ilikuwa ya mwanzo, na kulikuwa na matumaini makubwa ya kuisha, kwa sharti kwamba Fundi asiguse vanishi kwa wiki tatu, na akirudi asifanye kama zamani. Arudi kupimwa kila mwezi.

"Na kabla hujatoka," tabibu alisema, "kifua kikibana kwa maumivu, ukizimia, ukikosa pumzi, au upande mmoja wa mwili ukilegea, usisubiri mkeo akubadilishe shati. Njoo mbio."

Jioni hiyo Nesi alipita karakana akielekea kwake. Alitaka kuona chumba cha nyuma. Aliingia, akatoka baada ya kupumua mara mbili, macho yamejaa machozi.

"Fungua hayo madirisha," alisema.

"Vumbi, nesi," Mrefu akajibu. "Kabati litaota ndevu."

"Msasa mnasugulia wapi?"

"Chumba cha mbele. Na humu pia, kama kuna kasoro ndogo."

"Lini?"

"Wakati wowote."

"Basi vumbi mnalitengeneza wenyewe, halafu mnajifungia nalo ndani." Aliutazama mlango wa chumba cha nyuma, ua, na upande ambao upepo ulikuwa unatokea. "Mimi si seremala. Lakini nina swali. Kinachohitaji chumba kilichofungwa ni kabati. Wewe unahitaji nini humo?"

Fundi alifikiri. Ilimchukua muda kulielewa swali, na alipolielewa alikasirika kidogo, kwa sababu lilikuwa rahisi mno.

Walibadilisha utaratibu. Kazi yote ya kukata na kusugua ilifanywa mchana. Jioni walifagia na kumwagia sakafu maji ili vumbi lilale. Kupaka vanishi kulifanywa asubuhi na mapema, kabla ya upepo, uani chini ya paa la bati lisilo na kuta, shuka lililoloweshwa likiwa limetundikwa upande wa barabara. Kabati likishapakwa, walilisukuma kwenye chumba cha nyuma, wakafunga mlango, wao wakabaki nje. Kabla ya kuingia tena walifungua madirisha yote mawili na kusubiri mpaka harufu itoke.

Walinunua barakoa mbili za mpira zenye vichujio vya mvuke, aina ile inayobana usoni pande zote. Nesi aliwaambia wabadilishe vichujio mara wakianza kusikia harufu. Waliacha kunawa mikono kwa thina, wakatumia mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Makopo yalifunikwa. Hakuna aliyewasha kiberiti wala kula karibu na vanishi.

Wiki ya kwanza Mrefu alipaka manung'uniko pamoja na vanishi. Akivaa barakoa alisema anafanana na nzi. Wiki hiyohiyo makabati mawili yalipata vumbi, ikabidi yasuguliwe upya.

"Unaona?" Mrefu alisema.

"Naona," Fundi alijibu. "Sugua."

Katika wiki zile tatu Fundi hakugusa vanishi. Alikata, aliunga, na alisimamia. Mwenye nyumba ya wageni alipokuja kulalamika kwamba kazi imechelewa, Fundi hakumwambia ana homa. Alimwambia, "Nimepata sumu ya mvuke. Kichwa kilikuwa kinagonga na vidole vinakufa ganzi. Natibiwa. Makabati yako yatachelewa wiki mbili na yatakuwa mazuri." Mtu yule alikuwa amejiandaa kubishana na homa. Kwa maelezo yale hakuwa na la kubishia. Alikubali.

Wiki ya pili kichwa kiliacha kugonga. Kichefuchefu kilikwisha. Usingizi ulirudi kidogo kidogo, hasa baada ya Fundi kupata mazoea ya kumwambia mkewe kinachomsumbua kabla hawajazima taa. Mara ya kwanza ilimchukua dakika kumi kusema sentensi moja. Mkewe alisubiri dakika zote kumi.

Wiki ya sita alifumba macho, akapitisha kiganja kwenye mlango wa kabati la kumi na saba. Akasimama. Akarudisha kiganja nyuma inchi mbili.

"Hapa pana mkwaruzo," alisema.

Mrefu alileta tochi. Alitafuta kwa muda. Ulikuwepo, mwembamba kama unywele.

"Vidole vimerudi," alisema Mrefu. "Sasa tutateseka." Na siku hiyo, bila kuambiwa, yeye ndiye aliyekwenda kufungua madirisha.

Makabati yote ishirini yalipelekwa pamoja na vitanda. Yaling'aa. Mafundi wa karakana mbili za mtaa wa pili walikuja kuuliza vanishi safi namna ile inapatikanaje nje ya chumba. Fundi aliwaonyesha kila kitu, na kwanza kabisa alimuuliza kila mmoja kichwa chake kinakuwaje ifikapo saa sita mchana. Mmoja alisema ana homa kidogo. Fundi alikaa naye saa nzima.

Alasiri moja baada ya hapo, Fundi alivuka ua kwenda kunywa maji. Mama Mapacha alikuwa barazani anafumua mshono. Ulikuwa ni mshono ambao Fundi alimwona akiufumua asubuhi.

"Unajisikiaje?" Fundi alimuuliza.

"Mzima."

Zamani angekunywa maji yake akaondoka. Aliweka kikombe chini.

"Mzima si jibu. Wapi?"

Mkewe alicheka. "Umeajiriwa zahanati?"

"Wapi, Mama Mapacha? Na tangu lini?"

Aliacha kucheka. Aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Hapa," alisema, akiweka ngumi chini ya kifua. "Tangu siku ile ya shati. Msumeno ukianza kulia kule kwenu, hapa panakaza. Mikono inakuwa ya baridi, nashona upande. Nashindwa kuvuta pumzi mpaka usimame. Ukisimama ghafla ndiyo mbaya zaidi. Najua umepona. Akili inajua. Hapa hapajui."

Fundi alitaka kumwambia ajikaze. Maneno yalifika kabisa kwenye ulimi. Aliyameza. Alivuta kigoda, akakaa karibu na cherehani, akamuuliza mambo mengine mawili: nini kinazidisha, na nini kinapunguza. Kisha akavuka ua, akamwambia Mrefu msumeno usiwashwe tena siku hiyo.

Kesho yake asubuhi walikwenda zahanati pamoja. Foleni ilikuwa fupi. Nesi alipandisha miwani yake juu ya pua, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Leo anaumwa nani?" aliuliza.

Fundi alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akamsogezea mkewe kiti.